Mikono Safi Wodini: Karipio Pekee Halitoshi

Mhudumu asiyetakasa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine si lazima awe mzembe. Huenda bomba liko mbali, wagonjwa ni wengi, na hakuna anayempa mrejesho wa utendaji wake.

Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, zilianzia hapo. Kuanzia mwaka 1995, kitakasa mikono chenye alkoholi kilisogezwa kitandani kwa mgonjwa, mabango yakabandikwa, watumishi wakapimwa na kupewa matokeo, na uongozi ukaunga mkono. Utakasaji mikono ulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997. Wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini walipungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998.

Hata hivyo, waliobadilika hasa ni wauguzi na wasaidizi wao. Madaktari walibaki nyuma. Hivyo, mkuu wa wodi asiishie kuagiza: atangulie kwa vitendo, aondoe vikwazo, na asifu papo hapo panapostahili. Naye mgonjwa akiuliza kwa adabu, “Samahani daktari, umetakasa mikono?”, ashukuriwe, asikaripiwe.