Wafu Wanaotembea na Watu wa Stesheni ya Likasi



Vijana wengi wanaijua tamthilia ya Marekani iitwayo The Walking Dead, iliyorushwa kati ya mwaka 2010 na 2022. Ugonjwa umeangusha serikali, wafu wanaamka na kula walio hai, na wachache waliosalia wanatafuta mahali pa kulala. Je, watu wale wanaaminika? Kwetu swali hili si la mchezo, kwa sababu mji wetu umewahi kuona jumuiya ya watu waliopoteza kila kitu kwa siku chache.

Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu. Alichukua nafasi ya Nguza Karl-i-Bond wa Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Mara vijana wa chama cha UFERI wakaanza kuwafukuza Wakasai majumbani mwao hapa Likasi. Makumi ya maelfu walijaa kwenye stesheni na kwenye shule, wakingoja gari la moshi kwa miezi. Wengi walizaliwa huku na hawakuwahi kuiona Kasai.

Tukiilinganisha tamthilia na stesheni ile, waandishi wamepungukiwa. Manusura wao wengi hawana shangazi, hawana wakwe, hawana parokia. Wanakutana porini, na salamu ya kwanza ni bunduki. Mkimbizi wa kweli huanza kwa kuuliza: hapa yuko nani wa kwetu? Pale stesheni watu walipika, walizaa, walisali, walizika. Na walikuwako Wakatanga waliowaficha majirani zao. Maji, choo, nani agawe unga: mambo haya hayaonekani sana kwenye televisheni. Labda hayauzi.

Kwa Gavana wa Woodbury wamepatia. Anaua askari kwa siri, kisha anawaambia raia wake kwamba amewakuta wamekwisha kufa. Baadaye anawahubiria kuwa wageni wanaoishi gerezani ni magaidi. Wale raia si watu wabaya. Wanataka ukuta, chakula na usingizi, na anayewapa hayo wanamsadiki.

Lililo zito zaidi ni zombi mwenyewe. Kumuua si dhambi, maana si mtu tena. Mzee Hershel anakataa: amewafungia ghalani wafu wa familia yake na wa majirani, akisema ni wagonjwa. Hadithi inaonyesha kwamba amekosea.

Wakati ule wa fitina Wakasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Neno hilo lilifanya kazi ile ile, kwa kuwa anayeitwa mdudu haonewi huruma ya mtu. Ila kwenye tamthilia aliyegeuka amegeuka kweli, na hapa kilichogeuka kilikuwa jina tu. Mfanyakazi wa Gécamines aliyelala stesheni alikuwa yule yule wa juzi. Huku kwetu, basi, mzee Hershel ndiye angekuwa na haki.

Kwa sababu hiyo napendelea mchezo wa redio Musekeweya, ulioanzishwa nchini Rwanda mwaka 2004 na shirika la La Benevolencija. Humo kuna vijiji viwili na ugomvi wa mashamba, na chuki inapanda polepole kupitia maneno ya watu wa kawaida. Hakuna zimwi hata moja, na msikilizaji anamtambua jirani yake, pengine hata nafsi yake.

Miaka hii familia kutoka Kasai zimekuwa zikifika tena Katanga. Ndugu viongozi, vijana wakimaliza kutazama kipindi, kaeni nao robo saa. Waulizeni: katika hadithi hii nani aliambiwa si mtu, nani alimpa jina hilo, na alipata faida gani? Kisha waulizeni wageni wa mtaa wenu wanaitwaje siku hizi.