Uchochezi: Neno Moja, Makosa Mawili

Kwenye jiko la kuni, anayechochea moto ndiye anayepika. Husukuma kuni, hupuliza makaa, na chungu kikachemka. Kiswahili kilichukua neno hilo jikoni kikalipeleka mahakamani, na kule likapewa kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Aliyeuliza pesa za umma zimekwenda wapi aliitwa mchochezi. Aliyewaambia vijana wamfukuze jirani naye aliitwa mchochezi. Mkanganyiko huo umewagharimu watu wa Gusii pakubwa, na hakuna maisha yanayouonyesha vizuri zaidi kuliko ya mwanasiasa marehemu George Anyona.

Ninaandika haya nikiwa Nyamache, eneo bunge la Bobasi. Anyona hakuwa mtu wa huku. Kura zake zilitoka upande wa pili, Kitutu Mashariki, iliyokuja kuitwa Kitutu Masaba na ambayo leo iko kaunti ya Nyamira. Lakini Nyamache ni mahali pazuri pa kumkumbukia. Ukishika njia ya Nyangusu, ukaacha nyuma mashamba ya majani chai na migomba, hukawii kufika mpakani, ng'ambo ikiwa Trans Mara, nchi ya Wamaasai na Wakipsigis. Watu wa mpakani hawahitaji wakili wa kuwaeleza matamshi ya chuki ni nini. Wanajua kwamba maneno yakitangulia, mishale hufuata.

Anyona aliingia bungeni mwaka 1974 na hakukaa sana. Mei 1977 alikamatwa baada ya kuhoji jinsi zabuni ya mabehewa ya reli ilivyotolewa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Alitoka Desemba 1978, Moi alipowaachilia wafungwa wa kisiasa waliozuiliwa na Kenyatta. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walijiandaa kuunda chama cha kisoshalisti. Serikali haikungoja kusikia sera zake. Anyona alirudishwa kizuizini, na Juni 9 Bunge likapitisha kifungu cha 2A cha Katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Chama cha mrengo wa kushoto kilinyamazishwa kabla hakijasema neno.

Julai 1990, siku chache baada ya maandamano ya Saba Saba, alikamatwa tena, safari hii kwenye baa jijini Nairobi pamoja na wenzake watatu: Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu. Hebu tazama meza hiyo. Mkisii, Mjaluo, Mkikuyu na Mwembu, wameketi pamoja wakizungumza juu ya serikali ya nchi yao. Kwa hilo walishtakiwa kwa uchochezi, na Julai 1991 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka saba.

Sasa tazama jukwaa. Septemba mwaka huo huo wa 1991, wakati wanne hawa wako gerezani, wakuu wa KANU walifanya mikutano Kapsabet na Kericho. Walihubiri majimbo, na ujumbe ulioeleweka na kila aliyewasikiliza ni kwamba watu wa makabila mengine waliokaa Bonde la Ufa waondoke. Mwisho wa Oktoba moto ukawaka shamba la Meteitei, Nandi, ukaenea. Wakisii waliokuwa wamejenga ng'ambo ya mpaka walirudi Gusii mikono mitupu. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu, kufikia mwaka 1992, watu 779 waliouawa. Waliohutubia kwenye majukwaa yale hawakufikishwa kortini.

Dola iliyokuwa na masikio makali ya kusikia minong'ono ya watu wanne kwenye baa haikusikia vipaza sauti vya Kericho. Kila nikilitafakari jambo hili napandwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Sheria ya uchochezi haikuwekwa kumlinda mkulima wa mpakani. Iliwekwa na mkoloni kulinda kiti, na waliorithi kiti waliirithi nayo.

Anyona aliachiliwa mwaka 1992 rufaa yake ikiendelea. Alianzisha Kenya Social Congress, akarudi bungeni kupitia chama hicho, akawania urais na kupata kura elfu kumi na nne na ushee nchi nzima. Kura chache, ndiyo. Lakini mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa wabunge walioketi katika IPPG, mazungumzo ya vyama vyote kuhusu sheria kandamizi, na kutokana na mazungumzo hayo vifungu vya 56, 57 na 58 vya Kanuni ya Adhabu, ndivyo vya uchochezi, vilifutwa. Mfungwa alishiriki kuizika sheria iliyomfunga.

Hapo ndipo naona mchango wa siasa za kushoto nchini katika mjadala huu. Wasoshalisti wetu, kuanzia KPU ya Jaramogi iliyopigwa marufuku mwaka 1969 hadi Chama cha Kikomunisti cha leo, wameshikilia kwamba chuki ya kikabila ni silaha ya wenye nacho dhidi ya wasio nacho: mchuma majani chai wa Nyamache na mchungaji wa Trans Mara wakigombana, hakuna anayemuuliza tajiri maswali. Ukishaamini hivyo, huwezi kuyapa maneno yote uzito mmoja. Neno linalomlenga mwenye mamlaka unalitetea hata likiwa kali. Neno linalomlenga mtu kwa sababu ya kabila lake unalipinga hata likiimbwa kwa sauti tamu. Si kwamba wa kushoto wana mikono safi kila mahali. Tanzania ya Ujamaa ilimfunga Abdulrahman Babu, Mmarx wa Zanzibar, kuanzia 1972 hadi 1978. Anayeshika dola hujifunza upesi kuogopa ulimi.

Katiba ya 2010 inakaribia sana msimamo huo. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, kisha inatoa nje ya ulinzi huo uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki na propaganda ya vita. Sheria ya Utangamano ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi, majivu ya soko la Chepilat kwenye mpaka wa Borabu na Sotik yakiwa bado hayajapoa, inamtishia mwenye matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwenye karatasi makosa yametenganishwa. Vitendo ndivyo vinavyoyachanganya tena. Mwaka 2022 NCIC, tume ya utangamano, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Ndani yake mlikuwa na "madoadoa", neno walilobandikwa watu wa makabila mengine, ambalo kila Mkisii aliyefukuzwa Bonde la Ufa miaka ya tisini analikumbuka kwa uchungu, na humo humo mkatiwa "sipangwingwi", wimbo wa vijana wa kukataa kupangiwa maisha. Kuyaweka mawili haya kapu moja ni kumtukana aliyechomewa nyumba. Halafu Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay, si mbali na hapa, kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kuhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alipelekwa Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi. Hakuwa amemtukana mtu kwa kabila lake. Alidaiwa kumgusa mkubwa.

Anyona alikufa kwa ajali ya barabarani Novemba 2003, kabla ya Katiba mpya na kabla ya maafa ya 2008. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na magari ya kampeni yatapanda tena hadi Nyamache. Ndugu msomaji, mgombea atakayesimama pale sokoni akuambie kwamba shida yako ni Mmaasai au Mkipsigis wa ng'ambo, mnyime kipaza sauti, rekodi maneno yake, mpeleke kortini. Atakayeuliza bonasi ya majani chai imeliwa na nani, mwache aseme mpaka amalize, na polisi wakija kumchukua, msiondoke.