Moto wa Oveni Hauondoi Gluteni

Hapana, gluteni haiishi kwa kuokwa. Naulizwa swali hili tena na tena na watu waliokwisha kuambiwa hospitalini kwamba wana ugonjwa wa siliaki, na bado wanaoka biskuti za ngano, ila wanaziacha kwenye oveni mpaka zikauke kau wakiamini kilichomo kimeungua. Wengine wameshauriwa waukaange unga kwanza. Ushauri huo unaumiza watu, na wanaousambaza hawajui wanachokisema.

Tuanze na joto lenyewe. Ukiiwasha oveni nyuzi 180, hizo ni nyuzi za hewa iliyomo. Ndani ya biskuti, maadamu unyevu haujaisha, joto halipiti sana nyuzi 100. Lakini hata lingepita, gluteni si kijidudu hata useme imekufa. Ni protini ya ngano. Moto huifumua tu, kama ushanga uliokuwa umejikunja ukanyooshwa: umbo limebadilika, lakini shanga ni zile zile na zimefuatana vile vile. Kinga ya mwili wa mgonjwa wa siliaki haishughuliki na umbo. Inatambua vipande vifupi vya mfuatano huo, vipande vilivyojaa prolini na glutamini ambavyo hata vimeng'enya vya tumbo vinashindwa kuvikatakata. Vinafika kwenye utumbo mwembamba vikiwa vizima, na hapo ndipo kinga inapoanza kuushambulia utumbo wenyewe. Kuvimaliza kwa moto maana yake ni kuoka mpaka biskuti iwe mkaa.

Hivi, kama moto ungekuwa dawa, ugonjwa huu ungetoka wapi? Daktari Mholanzi Willem Dicke alipoonyesha katika tasnifu yake ya 1950 kwamba watoto wenye siliaki hupata nafuu ngano ikiondolewa kwenye chakula chao, watoto wale hawakuwa wakibugia unga mbichi. Nani anakula mkate usiookwa?

Kisha naambiwa, "Mbona nikila moja sidhuriki?" Utumbo unaweza kuharibika bila kuuma. Miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiendelea kwa miezi, zinatosha kuuharibu. Biskuti moja yenye gramu 10 za unga wa ngano inabeba karibu miligramu 800. Na atta ni ngano. Semolina ni ngano. Rangi ya kahawia haipunguzi chochote.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba biskuti haihitaji gluteni hata kidogo. Mkate ndio unaoihitaji ili uumuke. Watu wa pwani wanaoka vileja kwa unga wa mchele, samli, sukari, mayai na hiliki, na hakuna anayeuliza ngano iko wapi. Basi fanya hivyo. Unga wa mchele uwe laini na uchekechwe. Ukishakanda, acha donge nusu saa unga unywe unyevu, la sivyo utatafuna mchanga. Biskuti zikimeguka mno, ongeza wanga wa muhogo vijiko viwili. Oka nyuzi 170, kama dakika 15, na usiziguse mpaka zipoe kwenye trei. Ukitaka ladha nzito, nusu ya mchele iwe mtama au ulezi. Usipeleke nafaka yako kwenye mashine inayosaga ngano pia. Ukinunua unga wa lishe uliochanganywa, au beking pauda, soma kibandiko: baadhi huwa na ngano. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 tu kwa kilo, kwa hiyo chekecheo na kibao viwe vya peke yake.

Na wewe ambaye hujapimwa, usiache ngano kwa kuambiwa na jirani. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akiacha gluteni. Majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa ungalipo. Nenda kapimwe kwanza, ukiwa bado unakula ngano.