Steroidi kwa Mgonjwa wa Mshtuko wa Sepsisi

Vijidudu vya maradhi vikishaingia damuni, njia yao iwe ni mapafu, au kibofu, au kidonda cha mguu kilichopuuzwa, huenda mwili ukapigana navyo kwa hamaki kubwa hata vita vyenyewe vikageuka balaa, mishipa ikalegea, shinikizo la damu likaanguka, na figo na ubongo vikakosa damu ya kutosha. Hali hiyo, iitwayo na matabibu mshtuko wa sepsisi, ndiyo imlazayo mtu mzima katika wodi ya wagonjwa mahututi, magoti yamempoa, na muuguzi akimbonyeza ukucha huhesabu sekunde kadhaa kabla rangi haijarudi.

Tiba zisizo na badali ni antibiotiki itiwayo mshipani bila ya kuchelewa, maji ya dripu kwa kadiri, na kuondolewa usaha popote ulipokusanyika. Na shinikizo lisipotengemaa, hutiwa noradrenalini ili ikaze mishipa. Wako lakini wagonjwa ambao kipimo cha noradrenalini hupandishwa saa baada ya saa, na mishipa isitii. Hao ndio wanaohusika na steroidi, wala si kila mwenye homa.

Juu ya figo zetu mna tezi mbili ndogo zitoazo kotisoli, ambayo hupoza hamaki ya mwili na kuifanya mishipa iitike dawa. Na katika maradhi mazito kotisoli hiyo aghalabu haitoshelezi haja. Haidrokotisoni, ambayo ndiyo steroidi inayozungumziwa hapa, ni kotisoli ile ile iliyotengenezwa kiwandani. Zamani, katika miaka ya 1970 na 1980, matabibu walidhani wingi ndio nguvu, wakachoma steroidi kwa vipimo vikubwa mno, hata majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1987 yakabainisha kwamba havikuokoa watu. Ilibidi kungoja mwaka 2002, ambapo Djillali Annane na wenziwe wa Ufaransa walirejea na kipimo kidogo, ndipo matumaini yakafufuka.

Mwaka 2018 yalitoka majaribio mawili makubwa, nayo yakahitilafiana. Katika lile lililoongozwa kutoka Australia, lenye wagonjwa zaidi ya 3,600, waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 27.9 kwa waliopewa haidrokotisoni na 28.8 kwa wasiopewa, tofauti isiyo na yakini. Walakini mshtuko uliwaondoka waliopewa dawa kwa siku 3 badala ya 4. Katika lile la Ufaransa, ambako haidrokotisoni iliandamana na steroidi nyingine, fludrokotisoni, na wagonjwa walikuwa taabani zaidi, vifo vilikuwa asilimia 43.0 dhidi ya 49.1. Kwangu mimi, siku moja ya kutoka mapema katika hatari hiyo si jambo dogo, hata kama hoja ya vifo haijakatika.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unapendekeza miligramu 200 za haidrokotisoni kwa siku, aghalabu 50 kila baada ya saa sita, kwa mgonjwa anayeendelea kuhitaji noradrenalini. Jamaa watakaomwona muuguzi akimtoboa mgonjwa kidole mara kwa mara wasishtuke: steroidi hupandisha sukari na chumvi ya damu, na huweza kudhoofisha misuli, kwa hiyo sharti ichungwe. Dawa yenyewe si adimu, kwani imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wenye pumu wanaijua. Kilicho adimu katika hospitali zetu nyingi ni vitanda vya wagonjwa mahututi na pampu za kupimia noradrenalini, na huko ndiko ningetaka fedha zielekezwe kwanza.