Waholanzi na Laana za Maradhi

Wiki iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Den Haag aliniletea ujumbe wa kunilaumu kwamba nimemtahayarisha mwanawe mbele ya wenziwe, kwa kuwa nilimwambia, alipokuwa akicheza karata na kijana wangu, kwamba neno alilolitamka halitatamkwa tena nyumbani mwangu. Na kwa vile habari hii imekwisha kuenea kwa wazazi wa skuli, wala hapana aliyeniuliza sababu, naiandika hapa kwa lugha yangu, nikiamini kwamba nilifanya lililo haki.

Neno lenyewe ni kanker, yaani saratani, na mtoto yule alilitamka kwa sababu karata aliyoingoja haikutoka. Mama yake anasema halina maana, ni desturi tu ya vijana. Lina maana, tena lina tarehe ndefu. Mataifa jirani yakihamaki hutaja uchafu na tupu za watu, ama Waholanzi hutaja maradhi, na kauli yao ya asili ni krijg de, yaani "na ikupate", kisha humalizia kwa ugonjwa wautakao: pest ni tauni, pokken ni ndui, tering ni kifua kikuu, tyfus ni homa ya matumbo, na klere ni kipindupindu, ambacho kiliingia nchi hii mara ya kwanza mwaka 1832, na kiliporudi mwaka 1866 kikaua watu wapatao 20,000. Watu wa kila zama walilaani kwa ugonjwa waliouogopa kuliko yote. Ndui ilipotoweka na kifua kikuu kikapata dawa, saratani ikashika mahali pao. Tauni imebakia katika pesten, kitenzi ambacho walimu wa hapa hukitumia kila siku kwa maana ya mtoto kumwonea mwenziwe. Na siku hizi kanker haingoji hata adui: hubandikwa mbele ya baridi, mbele ya mtihani mgumu, na, ajabu ya Mungu, hata mbele ya chakula kitamu.

Liko na jingine, godverdomme, ambalo asili yake ni dua ya mtu kumwomba Mungu amlaani yeye mwenyewe msemaji, na husemwa mnyororo wa baiskeli ukichomoka. Jumuiya ya Kikristo iitwayo Bond tegen vloeken, iliyoundwa mwaka 1917, hubandika mabango katika stesheni za treni kuwasihi watu wasilitaje bure jina la Mungu. Walakini sheria ya kukataza kumkashifu Mungu, iliyotungwa mwaka 1932, ilifutwa mwaka 2014.

Kwetu Waislamu mtu hujiombea laana katika jambo zito, kama vile katika liani, ambapo mume amtuhumuye mkewe zinaa bila ya mashahidi hushuhudia kwa Mungu mara nne kwamba asema kweli, na mara ya tano hujitakia laana ikiwa ni mwongo, na mke naye hujibu kwa viapo vyake, na ndoa ile haikai tena. Kwani laana ni kufukuzwa na kuwekwa mbali na rehema ya Mola. Laana ya mzazi na halbadiri wasomaji wangu mnazijua. Hata sokoni Tanga, mtu akiitwa maluuni, yaani mlaaniwa, hugeuka akadai aambiwe kosa lake. Hapa hapana anayegeuka.

Mama yangu mdogo, aliyetulea mimi na ndugu zangu, alifariki kwa saratani baada ya kutibiwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Katika miezi yake ya mwisho binti yangu, ambaye alikuwa hajaanza skuli, ndiye aliyeshika simu akimsomea sura alizozihifadhi, na mara nyingine bibi yake hupitiwa na usingizi, naye asikate, akaendelea kusoma. Neno lile lilipotamkwa aliacha kula, akaniuliza kwa Kiswahili, ili mgeni asifahamu, "Mama, anamtakia nani?" Basi huyo ndiye niliyemjibu, nilipomkataza mtoto wa watu.

Kaka yake ana rai nyingine. Asema namtia aibu, kwa kuwa katika timu yake ya mpira kila mmoja husema vile, na asiyesema huonekana mgeni. Nami namfahamu, maana amezaliwa hapa na hataki kuwa mbali na wenziwe, ila nilipomwuliza kama angeweza kulitamka bibi yake akisikia, alinyamaza kimya. Mama wa rafiki yake nimemwandikia haya kwa ufupi, na bado hajajibu. Mtoto mwenyewe alirudi Jumamosi akala wali wa nazi sahani mbili, na kijana wangu sasa anamfunza kusema "lahaula" karata ikimkataa, ingawa yeye mwenyewe hulitamka kwa lafudhi ya Kiholanzi, na dada yake humsahihisha kila mara, hata mchezo ukasimama.