TALAKA MBELE YA MAHKAMA YA KADHI NA MSAADA WA MWANASHERIA

Maelezo haya yanakusudiwa kwa wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla, hasa yule ambaye ndoa yake imefika pahala pagumu na hajui aanzie wapi. Kwa Waislamu wa Unguja na Pemba mashauri ya ndoa, talaka, matunzo na ulezi wa watoto husikilizwa na Mahkama ya Kadhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotumika Tanzania Bara haitumiki Zanzibar, na kwa hiyo mtu aliyepewa ushauri na jamaa yake wa Dar es Salaam asiutegemee hapa kabla ya kuuliza. Mashauri ya wasiokuwa Waislamu huenda katika mahkama za kawaida.

Jambo linaloleta taabu nyingi ni talaka ya karatasi. Mume huandika mistari miwili, akampa mtoto aipeleke kwa bibi yake, na siku hizi wengine hutuma ujumbe kwa simu. Karatasi haisemi ni talaka ya kwanza, ya pili au ya tatu, wala haina tarehe. Mwanamke hajui eda yake imeanza lini, hajui kama mume anayo haki ya kumrejea, na akiposwa na mwengine hana cha kumwonesha anayefungisha ndoa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi visiwani, maandishi peke yake hutazamwa pamoja na nia ya mwandishi. Hivyo basi aliyepewa karatasi asiichane kwa hasira na asiufute ujumbe. Auhifadhi, na aende kwa Kadhi ili mume aitwe, aulizwe alichokusudia, na talaka ikithibiti isajiliwe. Kusajili si jambo la hiari, na hati ya talaka ndiyo itakayohitajiwa baadae katika ndoa mpya au mirathi.

Kabla ya mahkama kuna sheha na kuna wazee. Kawaida mdai hufika kwa Kadhi akiwa na barua ya sheha wake, na Kadhi naye anaweza kuwarudisha wanandoa kwa wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kama ilivyoelekezwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 35. Utaratibu huu una kheri nyingi. Hata hivyo mwandishi wa maelezo haya analazimika kusema kwamba ni katika vikao hivi vya nyumbani ndipo baadhi ya wanawake hukubali mambo ambayo hawakulazimika kuyakubali.

Mfano ni khului, ambayo watu wetu huiita kununua talaka. Mke asiyetaka tena kukaa na mume wake, bila ya kosa la mume, anaweza kuachwa kwa kurejesha mahari au malipo watakayokubaliana. Lakini mke ambaye mume hamlishi, au amempiga na kumdhuru, au amesafiri na kumtelekeza, shauri lake ni jengine kabisa. Huyo anaweza kuomba Kadhi amwamuru mume atoe talaka, au Kadhi mwenyewe aivunje ndoa kwa faskhi, bila ya yeye kutoa hata senti moja. Tofauti ya mashauri haya mawili ni fedha nyingi kwa mkulima wa mwani, na hutegemea namna madai yalivyoandikwa siku ya kwanza. Karani wa mahkama huandika anayoambiwa. Mwanasheria huuliza yasiyosemwa: mara ya mwisho aliacha posho lini, nani jirani aliyeshuhudia, je, kuna fomu ya polisi au cheti cha hospitali?

Juu ya mali, Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya Sheria Namba 3 ya mwaka 1985, inampa Kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mgawanyo wa mali ya wanandoa kwa kuangalia mchango uliothibitishwa. Neno la kuzingatia hapo ni kuthibitishwa. Nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo, mume akinunua kiwanja, mke akitoa fedha za matofali na mabati kutokana na mwani, ususi au mshahara, na jina katika karatasi likabakia moja. Risiti ziwekwe, fundi aliyelipwa akumbukwe, na mkopo wa kazini uliotumika kujengea utolewe nakala.

Mke aliyeachwa talaka rejea anastahiki makaazi na matunzo muda wote wa eda. Aliye mjamzito hutunzwa mpaka ajifungue. Kiliwazo nacho hudaiwa, na wengi hawakidai kwa kutojua. Matumizi ya watoto ni juu ya baba hata kama wanalelewa na mama.

Wakili hatoi talaka wala hawezi kumlazimisha Kadhi. Kazi yake ni kupanga madai, kuandaa mashahidi, kumwakilisha mtu wake na kuangalia muda wa rufaa usipite. Malipo yake yaulizwe mwanzo na yaandikwe. Asiyekuwa na uwezo anaweza kuomba msaada wa kisheria bila ya malipo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2018, na wapo wasaidizi wa sheria katika shehia wanaoweza kumwelekeza. Mume naye asidhani kuwa huduma hii ni ya wanawake peke yao.

Anayekwenda kuonana na mwanasheria achukue cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chake, barua ya sheha, na karatasi ya talaka kama ipo. Mtumishi wa Serikali, baada ya shauri kumalizika, apitie fomu za warithi alizojaza kazini na katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, kwani jina la mwenza wa zamani halijifuti lenyewe.