Desturi ya Nyumbani Isiyoficha Huzuni

Mzazi anayetaka mtoto wake awe na moyo mkunjufu mara nyingi humkinga na habari za majonzi. Nia ni njema, lakini ushahidi unaelekeza kwingine. Mwaka 2001 wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwapa watoto maswali 20 kuhusu familia zao: babu na bibi walikulia wapi, wazazi walikutanaje, ni maradhi au masaibu gani yaliwahi kuwakumba. Waliojua mengi walijithamini zaidi na kuamini zaidi kwamba wanaweza kuyaongoza maisha yao. Na masimulizi yaliyowajenga zaidi yalikuwa yale ya kupanda na kushuka: duka la babu lilifilisika, akaanza upya na genge, shangazi alifeli mtihani, akaurudia. Sababu naiona nikisoma kazi ya mwanasaikolojia Martin Seligman. Mtoto aliyekata tamaa huliona baya lililompata kuwa la kudumu, tena limeenea kila mahali. Mwenye matumaini huliona la muda na lenye mipaka. Tofauti hiyo haifundishwi kwa kumwambia mtoto asilie. Huisikia mara kwa mara, katika visa vya watu anaowajua, mpaka iwe namna yake ya kufikiri.

Yuko atakayesema kwamba watoto wa utafiti wa Emory waliojua mengi huenda walitoka tu katika nyumba zenye utulivu. Hoja hiyo ina uzito, na Duke mwenyewe ameonya kuwa kukariri majibu hakumsaidii mtoto. Kinachofaa ni kule kukaa pamoja na kusimuliana. Ndiyo maana natetea desturi yenye siku yake, tuseme Ijumaa baada ya chakula cha usiku. Wengine watasema hayo ni ya wenye nafasi na pesa. Lakini desturi husaidia hata nyumba yenye shida: watafiti Steven Wolin na Linda Bennett walichunguza familia zenye mzazi mlevi, wakaona kwamba pale mlo wa pamoja na sikukuu vilipolindwa dhidi ya ulevi, watoto hawakuwa wepesi wa kuurithi. Wala gharama si kubwa: pwani yetu ina Paukwa na Pakawa za kufungulia hadithi, na mkeka unatosha. Wala asilazimishwe mtu kuchangamka: kijana aliyenuna aachwe anune, mradi awe karibu asikie.